Mmea Mmoja, Watu Wawili

Huku kwetu Mkula, wakati wa palizi, watu wa nyumba moja hung'oa magugu ya shamba moja. Mmoja hurudi salama, na mwenziwe huvimba macho na kujikuna mikono. Hapo maneno huanza: "Nani amemroga?" Yafaa tujue sababu yake, maana shutuma za uchawi zimekwisha kuwaletea mauti wazee wengi wa Usukuma, hasa akina mama wenye macho mekundu.

Kwanza tupambanue. Upupu humwasha kila mtu augusaye, kwa sababu ya vinyweleo vyake. Huo si mzio. Mzio huchagua watu. Daktari Clemens von Pirquet wa Vienna ndiye aliyeupa jina la kitaalamu, mwaka 1906.

Mwili una walinzi katika damu, wapiganao na vijidudu vya maradhi. Pengine walinzi hao hukosea, wakadhani ungaunga wa maua, yaani chavua, kuwa ni adui. Mara ya kwanza mtu haoni neno. Walinzi wanajifunza tu. Akikutana nao tena, mwili hutoa kitu kiitwacho histamini, ndipo pua huchuruzika na macho huwasha. Mzio wa ngozi huenda polepole: upele hutokea baada ya siku moja au mbili, hata mtu asikumbuke alichogusa. Ndiyo maana mtu huweza kulima miaka mingi bila neno, kisha akadhurika. Tena watoto hurithi kwa wazazi wepesi wa kupata mzio, ingawa si lazima uwe wa mmea ule ule.

Mfano ni gugu karoti, lililotoka Amerika, likatambuliwa Arusha mwaka 2010. Majani yake yafanana na ya karoti, maua yake ni madogo, meupe. Waling'oao kwa mikono mitupu huweza kupata upele, na chavua yake huamsha pumu.

Basi, waalimu, msiwatume watoto kuling'oa. Wenye nyumba, funikeni mikono mpaliliapo. Mkirudi, ogeni na kufua nguo. Avimbaye ulimi au kubanwa na pumzi apelekwe hospitali upesi. Na mama mzee mwenye macho mekundu aulizwe habari za moshi wa jiko lake na mimea ya shamba lake, kisha apelekwe kwa daktari, wala asishitakiwe.