Diploma Mkononi, Kazi Wapi? Vijana Wenye Ulemavu wa Kasongo na Kabambare

Matokeo ya Mtihani wa Serikali, ambao Wakongomani wamezoea kuuita Exetat, siku hizi hufika kwa simu. Mtahiniwa anatuma namba yake kwa ujumbe mfupi, anasubiri, na jibu likija na asilimia 50 au zaidi, nyumba nzima inalipuka kwa vigelegele na mshindi anamwagiwa poda nyeupe kutoka utosini. Kijana anayetembea kwa magongo humwagiwa poda kama wenzake, maana kafanya mtihani uleule na kusahihishwa kwa kipimo kilekile. Tofauti hujitokeza wiki chache baadaye. Mwenzake mmoja anapanda pikipiki kwenda kufundisha kijijini, mwingine anaelekea Salamabila kutafuta riziki kwenye dhahabu, wa tatu anafunga mizigo kwenda chuo Kindu. Yeye anabaki barazani, na hakuna anayemuuliza kesho atafanya nini.

Sababu yake si ngumu kuiona. Katika miaka yote ya masomo, shule ndiyo taasisi pekee iliyomjua kijana huyu kwa karibu. Walimu wanajua anaona hadi umbali gani, anasikia zaidi kwa sikio lipi, anachoka saa ngapi, somo gani linamkolea. Siku ya diploma, ujuzi huo wote unabaki ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, na kijana anatoka langoni bila mtu wa kuupokea. Ndiyo maana wataalamu wa elimu maalumu husisitiza kwamba maandalizi ya kazi yaanze mwanafunzi akiwa bado darasani. Yakisubiri diploma, yamechelewa.

Kusini mwa mkoa wa Maniema, zilipo Kasongo na Kabambare, jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya polio. Mwaka 2010 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilisajili wagonjwa 100 wa polio ya virusi asilia, na mwaka 2011 wagonjwa 93. Mgonjwa wa mwisho nchini kuthibitishwa kuwa na virusi hivyo alipooza Desemba 2011 katika eneo la afya la Lusangi, huku huku kusini mwa Maniema. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika nzima ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi asilia. Hata hivyo, mwaka 2017 aina nyingine ya virusi, inayotokana na chanjo na kusambaa pale watoto wengi wasipochanjwa, ilikuwa imegunduliwa tena Maniema. Watoto waliopooza wakiwa wachanga katika milipuko ya 2010 na 2011 sasa ni vijana wa umri wa sekondari. Kwenye madawati hayo hayo wamo waliopoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, wenye ualbino wanaotaabika kusoma ubaoni, na waliojeruhiwa kwa risasi katika machafuko ambayo Kabambare imeyaona kwa miaka mingi.

Kwa upande wa sheria, nchi haijakaa kimya. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi na kuitaka Serikali ikuze uwepo wake katika taasisi za taifa, za mkoa na za mtaa. Mwaka 2015 Congo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinahusu elimu na cha 27 kinahusu kazi. Mwaka 2019 serikalini kukawa na waziri anayeshughulikia watu wenye ulemavu. Kisha ikaja Sheria ya Kikaboni namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda na kukuza haki zao.

Majirani wamejaribu njia ya viwango. Sheria ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka lengo la asilimia 5 katika nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Ni hatua za maana, lakini kiwango humfaa mtu mahali penye waajiri. Kasongo, waajiri wenye watu 20 wanahesabika: Serikali, dayosisi, hospitali, shule, mashirika machache ya misaada. Walio wengi wanaishi kwa mpunga, mihogo, mawese, samaki wa Lualaba, biashara ndogo na ufundi. Kwa hiyo kijana mwenye ulemavu anayeandaliwa kwa meza ya ofisi peke yake anaandaliwa kwa nafasi ambayo huenda haipo.

Hata ualimu, kimbilio la wengi, unahitaji kuelezwa kwa ukweli. Mhitimu wa mchepuo wa ualimu anaweza kupata darasa haraka, kisha akafundisha miaka bila jina lake kuingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Zamani mwalimu wa namna hiyo aliishi kwa michango ya wazazi. Tangu elimu ya msingi ya umma ilipofanywa bure kwa vitendo mwaka 2019, mlango huo umefungwa katika shule hizo. Kijana mwenye miguu mizima hujazia pengo kwa shamba au kwa kuendesha pikipiki. Asiyeweza hayo anahitaji kujua mapema atajazia kwa nini.

Marekani ina mfano unaofaa kutazamwa, hasa kwa suala la wakati. Sheria yake ya elimu ya watu wenye ulemavu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inazitaka shule ziwe zimemwandikia kila mwanafunzi anayehusika mpango wa mpito anapofika miaka 16: anataka kufanya nini, atajifunza wapi, nani atamsaidia. Sheria nyingine ya 2014 inayataka majimbo yatenge angalau asilimia 15 ya fedha za shirikisho za huduma za kuwaandaa watu wenye ulemavu kwa kazi, ziwahudumie vijana walio bado shuleni. Fedha kama hizo Maniema hazipo. Utaratibu, hata hivyo, unaweza kuanza na daftari moja na mwalimu mmoja aliyepewa jukumu.

Daftari hilo lifunguliwe mwaka wa kwanza wa humanite, yaani sekondari ya juu, pale mchepuo unapochaguliwa. Mara nyingi uchaguzi huo hufanywa na watu wazima kwa kukisia: huyu hatembei, apelekwe ualimu; huyu hasikii, aache tu. Mwalimu mwenye daftari anaanza kwa kumsikiliza mwanafunzi mwenyewe, kisha anaangalia kazi zinazofanyika kweli mjini na vijijini, halafu anapima ni sehemu gani ya kazi hiyo mwili wake unaiweza na ipi inahitaji kubadilishwa. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo kiini cha utaalamu huu.

Tuchukue ushonaji. Cherehani nyingi za barazani ni za kukanyaga: miguu miwili juu ya kibao, inasukuma mbele na nyuma, mkanda unazungusha gurudumu. Msichana aliyepooza miguu yote akiketishwa hapo, atashindwa siku ya kwanza, na watu watasema ushonaji si kazi yake. Mpe cherehani ya mkono, yenye kishikio pembeni mwa gurudumu, na atashona. Itamlazimu azungushe kwa mkono wa kulia na kuongoza kitambaa kwa wa kushoto, kwa hiyo mshono mrefu wa pazia utamchelewesha, lakini kola, mfuko na pindo vitatoka safi. Wengi walioathiriwa na polio wana mguu mmoja wenye nguvu kuliko mwingine. Hao huweza kukanyaga kwa mguu mmoja ikiwa kibao kimesogezwa upande wake na kiti kimepandishwa kidogo. Mwenye umeme wa jua anaweza kufunga mota ndogo na kuiendesha kwa goti au kiwiko. Fundi seremala wa mjini anaweza kufanya mabadiliko hayo ya kiti na kibao bila kuagiza chochote kutoka nje. Kinachohitajika ni mtu wa kwenda naye kwa fundi mwanafunzi akiwa bado mwaka wa pili, ili makosa yote ya kupima na kurekebisha yafanyike kabla ya siku ya kutafuta wateja.

Kwa kijana kiziwi, kikwazo kikubwa ni lugha, na kina historia yake. Elimu ya viziwi katika nchi nyingi za Afrika ilisukumwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe. Alianzisha shule yake ya kwanza Ghana mwaka 1957, akafungua nyingine nyingi katika nchi mbalimbali, Congo ikiwemo, na akafariki katika ajali ya ndege Rwanda tarehe 3 Desemba 1987. Ishara zinazotumiwa na viziwi wengi wasomi wa Congo zinatokana na mapokeo hayo ya Kimarekani yaliyochanganyika na Kifaransa. Shule zake, hata hivyo, zilijengwa mijini. Mtoto kiziwi wa kijiji cha Kabambare hukua na ishara za nyumbani zinazoeleweka na mama, dada na jirani. Akienda kujifunza kazi kwa fundi, wanahitaji njia ya kuelewana tangu wiki ya kwanza: vipimo viandikwe kwa chaki, bei zionyeshwe kwa noti zenyewe, maagizo yapite kwa ujumbe wa simu kama anajua kusoma. Ndugu mmoja akae naye karakana siku za mwanzo hadi fundi azoee ishara zake. Seremala, fundi viatu na fundi simu wote hufanya kazi kwa macho na mikono, na viziwi hufanya vizuri sana humo.

Asiyeona anakutana na dunia iliyobadilika kuliko wazazi wake wanavyodhani. Simu ya kisasa ina programu ya kusoma skrini kwa sauti, tena humo humo ndani, bila kulipia. Kwa Kifaransa alichojifunza shuleni anaweza kusoma ujumbe, kuweka hesabu za duka na kuandika barua. Mwenye ualbino anahitaji zaidi kofia, mikono mirefu, kiti cha mbele, na kazi ya kivulini. Kumpeleka shamba la mpunga mchana kutwa ni kumtafutia saratani ya ngozi.

Baada ya ufundi huja karatasi, jambo linaloonekana dogo hadi linapomkwamisha mtu. Kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mkongomani. Kijana ambaye hakufikishwa kituo cha uandikishaji kwa sababu ya umbali anakosa laini ya simu kwa jina lake, akaunti ya fedha za mkononi na fomu ya maombi ya kazi, vyote kwa mpigo. Mwanafunzi afikishapo miaka 18 kabla ya kumaliza, shule ihakikishe ana kitambulisho na cheti cha kuzaliwa.

Kisha mtaji. Vikundi vya akiba na mikopo vya vijijini, vinavyoitwa AVEC, pamoja na likelemba, michango ya kupokezana kwa zamu, vimeenea mashariki mwa Congo. Mlango wa kuingia humo ni mchango mdogo wa kila wiki na mtu wa kumdhamini. Familia inayomlipia mwanaye mchango huo tangu mwaka wa tatu wa humanite inamfanya mwanachama kamili kufikia siku ya Exetat, na mkopo wa kwanza unaweza kuwa cherehani au seti ya vifaa vya kutengeneza simu.

Wapo Wakongomani wenye ulemavu waliojitengenezea kazi bila maandalizi yoyote ya shule. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili, wengi wao waliopooza kwa polio, walitoka mitaani Kinshasa hadi albamu yao ya 2009 na filamu iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2010. Kwa miongo kadhaa wafanyabiashara wenye ulemavu walivusha bidhaa kati ya Kinshasa na Brazzaville juu ya baiskeli za magurudumu matatu, wakinufaika na unafuu wa nauli na ushuru. Biashara hiyo ilitikisika vibaya mwaka 2014, Brazzaville ilipowafukuza Wakongomani wa ng'ambo kwa maelfu. Ujasiri wao unastahili heshima, na yaliyowapata yanaonyesha hatari ya riziki inayosimama juu ya unafuu mmoja unaoweza kuondolewa kwa amri.

Vituo vinavyounganisha tiba, shule na ufundi mahali pamoja vipo katika ukanda huu: Gatagara nchini Rwanda, kilichoanzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana, Heri Kwetu mjini Bukavu, na chuo cha Yombo, Dar es Salaam. Mtoto wa Kasongo havifikii kwa urahisi. Hata Kindu, makao makuu ya mkoa wake, iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara inayovurugika kila masika. Suluhisho lake itabidi lipatikane palepale, kwa shule zilizopo na mafundi waliopo.

Kasongo ina ofisi yake ya jimbo la elimu, Maniema 2. Kabla shule hazijafunguliwa Septemba, ofisi hiyo inaweza kumtaka kila prefe wa sekondari awasilishe idadi ya wanafunzi wenye ulemavu, aina ya ulemavu, mchepuo wao na jina la mwalimu anayewafuatilia. Wale wa mwaka wa mwisho waanze na karatasi na staji, yaani mafunzo ya kazi kwa fundi. Wale wa mwaka wa kwanza waanze na mchepuo. Mafundi wanaokubali kupokea mwanafunzi siku mbili kwa wiki waandikwe kwenye orodha itakayobandikwa shuleni na kusomwa kanisani na msikitini. Na mwalimu aliyepewa daftari aendelee kumtembelea kijana mwaka mmoja mzima baada ya diploma, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo cherehani huharibika, mteja hukataa kulipa, na kijana hurudi nyumbani kimya bila mtu wa kumshika mkono.