Umezaliwa Tanga, unaishi London: malaria bado inakuhusu

Kila Desemba ndege zinazotua Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe hujaa watu wetu wanaoishi ughaibuni, wakija kuwaona wazazi na ndugu. Zawadi wamenunua mapema, lakini dawa ya kukinga malaria wengi hawana. Hoja yao ni moja: malaria tumeugua tangu utotoni, mwili umeshaizoea.

Mazoea hayo hayadumu. Anayeumwa mara kwa mara na mbu wenye vimelea hupata kinga kiasi. Haizuii maambukizi, ila hupunguza makali yake. Akikaa miaka michache Ulaya bila kuumwa, kinga hiyo hufifia. Watoto aliowazaa huko hawana kabisa, na hao ndio wa kuhofiwa zaidi. Mwaka 2023 Uingereza ilipata wagonjwa zaidi ya 2,000 wa malaria iliyotoka nje, wengi wakiwa wametoka Afrika kutembelea jamaa, na wengi hawakuwa wamemeza dawa ya kinga.

Dawa zenyewe zinahitaji nidhamu, hasa baada ya kurudi. Vimelea vikiingia mwilini hujificha kwanza kwenye ini kwa wiki moja au zaidi, ndipo vimwagike kwenye damu. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huviua hata vikiwa kwenye ini, kwa hiyo humezwa siku 7 tu baada ya kuondoka eneo la malaria. Doksisaiklini na meflokwini hutegemewa kuviua vikishafika kwenye damu, ndiyo maana huendelea kwa wiki 4. Anayeacha siku anayopanda ndege huviachia vimelea mlango wazi. Mjamzito asijichagulie dawa. Amwone daktari, na ikiwezekana aahirishe safari.

Dawa haikingi kwa asilimia 100. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, basi usione aibu kumwomba mama chandarua chenye dawa, hata kama nyumba ina feni na nyavu madirishani.

Ukipata homa ndani ya mwaka mmoja baada ya safari, hasa miezi 3 ya mwanzo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Daktari wa huko unakoishi anaweza kudhani ni mafua, kwa hiyo mwambie kabla hajakuuliza: nimetoka Afrika, naomba nipimwe malaria.