Unataka Kuandika Fantasia? Wachana na Majoka ya Ulaya, Anza na Menengai

Kama kwa simu yako kuna hadithi tatu za fantasia ulizoanza zikafia ukurasa wa nne, hii ni yako. Nyingi hufa hivi: mwandishi anajaza ngome na theluji ambazo hajawahi kuona, halafu shujaa wake anaweza kila kitu. Manze, mtu akiweza kila kitu hakuna ngori. Na bila ngori hakuna stori.

Uchawi lazima uwe na bei. Hebu tujenge hadithi moja pamoja, mos mos.

1. Chora ramani ya kwenu

Menengai iko hapo tu juu ya mji. Ni shimo la volkano lenye urefu wa kilomita 12 hivi na upana wa 8. Chini kumejaa mawe meusi ya lava, na mvuke unafuka kwa nyufa. Masimulizi ya Wamaasai yanasema mvuke huo ni roho za mashujaa waliotupwa humo vitani, zinatafuta njia ya kupanda mbinguni. Tangu 2011, mitambo inachimba mvuke huo huo ili utoe stima. Roho na stima, shimo moja!

Ongeza Hyrax Hill, ambapo watu wa kale walichonga mashimo ya bao kwenye mwamba. Ongeza Ziwa Nakuru, ambalo maji yake yalipanda hadi yakafunika lango la zamani la mbuga. Tayari una mlima, mwamba wa siri na maji yanayomeza nchi. Theluji ya nini?

2. Weka sheria moja, na bei yake

Usitunge sheria kumi. Yetu ni hii: ukiuliza mvuke wa Menengai swali, utakujibu ukweli, lakini utasahau sura ya mtu mmoja unayemjua. Kila swali linachukua mtu wa karibu kuliko yule wa kwanza. Basi. Sheria ikishawekwa, usiivunje hata kama mhusika wako amebanwa vibaya. Hapo ndipo utamu uko.

3. Mpe mhusika kitu anachokitaka sana

Tuseme ni msichana wa Kaptembwo, miaka 17. Jina mpe wewe. Kaka yake aliingia Menengai kutafuta mbuzi aliyepotea na hajarudi. Majirani walitafuta siku tatu wakachoka. Mathake huketi mlangoni kila jioni, chakula cha kijana kimefunikwa kwa sahani.

Msichana anauliza mvuke: yuko hai? Ndiyo. Anasahau sura ya mwalimu wake wa darasa la pili. Hiyo ni rahisi. Anauliza tena, na sasa shosh yake akimkumbatia anahisi ameshikwa na mgeni.

Mpe pia mtu wa kumwonyesha mwisho wa njia hiyo: mzee aliyeuliza maswali mengi hadi akijiangalia kwa kioo hajijui.

4. Jua mwisho kabla hujaanza

Andika mistari mitano tu: anataka nini, nini kinamzuia, swali la kwanza, swali la mwisho, na analipa nini. Kwetu, swali la mwisho ni "yuko wapi?" na bei ni sura ya kaka yake. Atampata Hyrax Hill, kando ya bao la mwamba, kijana mmoja amkimbilie akiita jina lake, na yeye asijue huyo ni nani. Anaenda naye nyumbani ama anakimbia? Ukijibu hilo, una hadithi.

5. Hii si kitu ya wazungu

Shaaban Robert alituandikia Kusadikika, nchi iliyo angani, na Adili na Nduguze, ambapo ndugu wawili wamegeuzwa manyani. Mkenya Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka wa 1995. Soma hilo jina polepole: wale ni sisi. Wote walitumia dunia za ajabu kuongea kuhusu dhuluma na tamaa za watu wa kawaida. Yako pia iguse kitu kinachokuuma.

6. Maliza

Maneno 300 kwa siku, hata ukiwa kwa mathree ya kutoka Lanet. Siku 20 una maneno 6,000, na hiyo ni hadithi fupi nzima. Usirekebishe kitu kabla ya kufika mwisho. Halafu msomee mtoi wa kwenu kwa sauti. Pale atakapochukua simu yake, kata hapo.

Leo usiku kabla ya kulala, jaza sentensi moja tu: "Kwa dunia yangu, ukitaka ______, unapoteza ______." Kesho anza.