Masizi Yaliyofanywa Mali
Jikoni mwa watu wa Nyeri masizi hufutwa na kutupwa. Lakini mafundi wa Huizhou, katika nchi ya Uchina, waliyafanya kuwa wino wa thamani. Masizi ya msonobari au ya mafuta yalichanganywa na gundi ya ngozi, yakatwangwa sana, yakashindiliwa katika kalibu za mbao zenye nakshi, yakakaushwa polepole. Mwenye kuandika alisugua kipande juu ya jiwe lenye maji.

Fundi alitia jina lake, nalo ndilo heshima yake. Mwaka 1588 Fang Yulu alitoa kitabu cha nakshi zake. Mshindani wake, Cheng Dayue, akatoa kikubwa zaidi kama mwaka 1606. Hata hivyo, kipande kisuguliwapo nakshi hufutika. Yadumuyo ni maandishi, meusi hata baada ya mamia ya miaka.