Mchoro au maandishi: Kipi humfaa mwanagenzi kazini?

Mwaka wa 1987, Larkin na Simon walieleza kwamba mchoro hukusanya mahali pamoja habari zinazotumika pamoja. Kwa hivyo karani mgeni huona upesi njia ya oda, kutoka kaunta hadi bohari.

Hata hivyo, alama nazo ni lugha. Katika michoro ya BPMN, umbo la almasi lenye X huagiza njia moja tu. Lenye alama ya kujumlisha, njia zote. Asiyelijua hilo atachagua moja, mzigo utoke bila malipo.

Maandishi nayo yana utata wake. “Lipa kwa simu ama taslimu.” Je, mteja akitaka kuchanganya?

Kwa maoni yangu, mwanagenzi apewe vyote: mchoro umwonyeshe njia, sentensi imfafanulie masharti.