Kadi Mbili za Michoro: Hesabu, Jaribio na Hila

Picha inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta ni mkusanyiko wa nukta ndogo ndogo za rangi. Kioo chenye safu 768, kila safu ikiwa na nukta 1,024, kina nukta 786,432 kwa jumla. Ili macho yaone mwendo badala ya mfululizo wa picha zilizosimama, picha nzima haina budi kuchorwa upya mara nyingi kila sekunde. Ikichorwa mara 60, nukta zaidi ya milioni 47 hupakwa rangi katika sekunde moja. Kazi hiyo hufanywa na kadi ya michoro, na wauzaji huisifu kadi hiyo kwa tarakimu nyingi. Swali la mnunuzi ni jepesi: kati ya kadi hizi mbili, ipi iliyo bora? Kulijibu kwa haki ni suala la kisayansi, na mfano unaofaa kuchunguzwa ni ushindani wa mwaka 2002 na 2003 kati ya kampuni ya ATI ya Kanada, ambayo mwaka 2006 ilinunuliwa na AMD, na kampuni ya NVIDIA ya Marekani.

ATI ilitoa kadi yake, Radeon 9700 Pro, mwezi Agosti 2002. NVIDIA ilijibu kwa GeForce FX 5800 Ultra, iliyotangazwa Novemba 2002 na kufika madukani miezi ya mwanzo ya 2003. Bei ya kila moja ilipotolewa ilikuwa dola 400 hivi. Chipu ya Radeon ilikuwa na transista zipatazo milioni 110, na ilikwenda kwa mapigo milioni 325 kila sekunde, yaani megahezi 325. Chipu ya GeForce ilikuwa na transista milioni 125, ilitengenezwa kwa ufundi mpya zaidi, na mapigo yake yalikuwa megahezi 500. Mtu aliyesoma tarakimu hizo tu angechagua GeForce bila kusita.

Mapigo na mzigo

Mapigo ya chipu ni kama hatua za hamali bandarini. Anayekwenda mbio na gunia moja begani anaweza kupitwa na anayekwenda polepole na magunia mawili. Radeon ilipaka nukta 8 kwa kila pigo. Kwa hiyo 8 × milioni 325 ni nukta milioni 2,600 kwa sekunde. GeForce nayo ilitangazwa kuwa na uwezo wa nukta 8, lakini wachunguzi walipoipima waligundua kwamba nukta zenye rangi zilikuwa 4 tu kwa kila pigo. Basi 4 × milioni 500 ni nukta milioni 2,000. Hata hivyo, kila moja ya njia hizo nne iliweza kubandika tabaka mbili za sura, kama vile mawe na kivuli chake, kwa pigo moja. Katika michezo ya zamani iliyotumia tabaka nyingi, GeForce iliweza kuitangulia Radeon. Jibu hutegemea kinachochorwa.

Kisha kuna kumbukumbu. Chipu haiwezi kupaka rangi ambayo haijaletwa, na rangi hizo huletwa kutoka kwenye kumbukumbu ya kadi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukokotoa kasi ya kuzileta. Njia ya Radeon ilikuwa na upana wa biti 256, yaani baiti 32, nayo ilipitisha data mara milioni 620 kwa sekunde: 32 × milioni 620 ni gigabaiti 19.84. Kumbukumbu ya GeForce ilipitisha data mara milioni 1,000, kasi iliyotangazwa kwa fahari, lakini njia yake ilikuwa na upana wa biti 128, yaani baiti 16. Matokeo yake ni gigabaiti 16. Tofauti hiyo ilijitokeza wazi mtumiaji alipotaka kingo za picha zilainishwe zisionekane kama meno ya msumeno, kwa sababu kazi hiyo huongeza mno mzigo wa kumbukumbu. Hapo Radeon mara nyingi ilishinda.

Usahihi wa hesabu nao una gharama yake. Kanuni za Direct3D 9 za kampuni ya Microsoft, za Desemba 2002, zilidai hesabu za rangi zifanywe kwa biti zisizopungua 24, isipokuwa pale mtunzi wa programu aliporuhusu usahihi mdogo. Radeon ilitumia biti 24. GeForce ilikuwa na biti 16 au 32 tu. Ilipodaiwa usahihi kamili ililazimika kutumia 32, na mwendo wake ukapungua. Isitoshe, ili kuipoza chipu hiyo ya megahezi 500, feni yake ilivuma kwa kelele iliyogeuka mzaha, hata wafanyakazi wa kampuni yenyewe wakatengeneza filamu fupi ya kuikejeli.

Mwezi Mei 2003 NVIDIA ilileta kadi nyingine, GeForce FX 5900 Ultra. Mapigo yake yalishushwa hadi megahezi 450, lakini njia ya kumbukumbu ilipanuliwa hadi biti 256 na kufikisha gigabaiti 27.2 kwa sekunde. Wahandisi walikuwa wamefanya hesabu ileile.

Mtihani uliovuja

Kwa kuwa hesabu za karatasi hazimalizi ubishi, watu hutumia jaribio. Lililojulikana zaidi wakati huo lilikuwa 3DMark03, la kampuni ya Futuremark ya Finland, lililotolewa Februari 2003. Kadi zote zilichora matukio yaleyale, kamera ikipita njia ileile kama treni kwenye reli, kisha alama zikatolewa. Udhaifu ulikuwa katika reli hiyo: kila kitu kilijulikana kabla. Mwezi Mei 2003, watumiaji wa toleo maalumu walipoitoa kamera kwenye njia yake, waliona sehemu za anga zikiwa na mapengo kwenye kadi za NVIDIA. Programu inayoendesha kadi ililitambua jaribio na kuacha kuchora yale ambayo kamera isingeyaona.

Walimu wanaielewa hali hii vizuri. Mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani uliovuja hupata alama, lakini alama hizo hazisemi anajua nini. Futuremark ilirekebisha jaribio lake, na alama za GeForce FX 5900 Ultra zikashuka kutoka 5,806 hadi 4,679. Taarifa yake ilitaja tofauti ya asilimia 24.1, yaani 1,127 ikigawanywa kwa 4,679; ikigawanywa kwa alama ya awali ni asilimia 19.4, jambo linalofaa kujadiliwa katika somo la hesabu. ATI nayo ilikutwa na nyongeza ya asilimia 1.9, ikasema kwamba picha hazikuathirika, ila ikaahidi kuiondoa nyongeza hiyo. Mwezi Juni Futuremark na NVIDIA zilitoa tamko la pamoja ambalo halikuuita mwenendo huo udanganyifu. Maneno yalilainishwa, lakini mapengo ya angani yalikuwa yamekwisha kuonekana.

Shule yenye kadi mbili inaweza kufanya jaribio lake bila msaada wa kampuni yoyote. Kompyuta iwe ileile, ibadilishwe kadi tu pamoja na programu yake. Idadi ya nukta za kioo isibadilike. Njia ya kamera itungwe na wanafunzi wenyewe, na jaribio lirudiwe mara 5 au zaidi. Iandikwe muda wa kila picha, usiandikwe wastani pekee. Chukua sekunde moja yenye picha 30: picha 29 zimetumia milisekunde 20 kila moja, na moja imetumia milisekunde 420. Wastani ni picha 30 kwa sekunde, lakini aliyekaa mbele ya kioo ameona picha ikiganda kwa karibu nusu sekunde.