Kalsaiti: jiwe linalotibu likiyeyuka, si likishikwa

Kwa wakazi wa Mjimwema, Manispaa ya Songea, biashara ya mawe si habari ngeni. Tangu miaka ya 1990, yakuti na vito vingine vya Tunduru vimeufanya Mkoa wa Ruvuma ujulikane hadi ng'ambo. Siku hizi yapo mawe yanayonadiwa mitandaoni, si kwa ajili ya pete bali kwa tiba. Mojawapo ni kalsaiti. Wauzaji hudai kwamba ya rangi ya chungwa huongeza nguvu, na ya kijani hutuliza hasira, mradi uishike mkononi au uiweke kifuani.

Kalsaiti ni kabonati ya kalsiamu, kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya chokaa, marumaru na ganda la yai. Mvua inapopita hewani na ardhini hubeba kaboni dioksaidi, ikawa na uchachu kidogo. Maji hayo huuyeyusha mwamba wa chokaa polepole. Yakidondoka penye uwazi, gesi hutoka na madini huganda upya. Ndivyo yalivyojengeka mawe yanayoning'inia kwenye Mapango ya Amboni, Tanga.

Ikiwa safi, kalsaiti haina rangi. Chembe za chuma huipa manjano au chungwa, na manganizi huipa waridi. Iliyo angavu ukiilaza juu ya gazeti, kila herufi huonekana mbilimbili. Rasmus Bartholin wa Denmark alilieleza jambo hilo mwaka 1669. Ni laini pia: katika kipimo cha ugumu cha Mohs ina 3, wakati yakuti ina 9. Kisu cha jikoni huikwaruza.

Ikwaruze upate unga kidogo, kisha udondoshee ndimu au siki. Vipovu vitapanda: kabonati inapunguza makali ya asidi na kutoa gesi. Manufaa yake kwa kiungulia na kwa shamba yanatokana na uwezo huo. Vidonge vingi vya kutafuna vya kiungulia vina kabonati ya kalsiamu iliyosafishwa kiwandani. Mashamba ya mahindi yaliyochachuka kwa mvua nyingi na mbolea za chumvichumvi hutiwa chokaa ya kilimo kwa sababu hiyohiyo. Aidha, Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito ambao vyakula vyao havina kalsiamu ya kutosha wapewe gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku, ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Kabonati ni mojawapo ya namna za kuipata.

Je, jiwe la kushikwa tu? Mwaka 2001, mwanasaikolojia Christopher French wa Chuo cha Goldsmiths, London, alieleza matokeo ya jaribio lililohusisha watu 80. Baadhi walishika fuwele halisi, wengine bandia, bila kujua. Walioshika bandia walisimulia joto, msisimko na utulivu sawa na wenzao. Waliodokezwa mapema watakachohisi walihisi zaidi. Utulivu waliupata kweli, lakini ulitokana na matarajio yao. Kisayansi hilo linaeleweka: jiwe lililokaa kavu juu ya ngozi haliyeyuki, wala halipeleki kalsiamu mwilini.

Anayelipenda kwa uzuri wake na aliweke mezani. Hatari huanza likisagwa na kulambwa, kwani jiwe lisilopimwa laweza kuwa na risasi au metali nyingine yenye sumu. Chokaa ya kupaka ukutani nayo si dawa; huunguza mdomo na macho. Hata vidonge halali vina mipaka: vikizidi huumiza figo, na vikimezwa pamoja na tetrasaikilini au siprofloksasini huzuia dawa hizo kufanya kazi vizuri. Mjamzito asijipimie dozi, aulize kliniki.

Kiungulia kikizidi wiki mbili, au kikiambatana na choo cheusi, kupungua uzito au shida ya kumeza, nenda kituo cha afya. Maumivu makali ya kifua hayasubiri hata siku moja.